Meno ya bandia ya koni: yakilegea, yakigoma kukaa, yakigoma kutoka

Chukua ndoo mbili za plastiki za saizi moja, ipachike moja ndani ya nyingine na uikandamize kwa goti. Hakuna ndoano, hakuna skrubu, hakuna gundi, ila ukiinua ya juu, ya chini inaning'inia nayo. Unavuta, zinagoma. Kisha kitu kinasogea kidogo tu, hata unene wa kucha haujafika, na papo hapo zinaachiana. Kuanzia hapo ndoo inatoka nyepesi kana kwamba haikuwahi kukwama.

Meno ya bandia ya koni yanashikwa vivyo hivyo. Kipandikizi ni mzizi wa titani uliopandwa kwenye mfupa wa taya mpaka mfupa ukaukumbatia. Juu yake hufungwa nguzo fupi inayochongoka kuelekea nchani, nayo hutokeza nje ya ufizi. Ndani ya meno ya bandia, upande unaokalia ufizi, zimo kofia za metali zenye mchongoko uleule wa nguzo. Mvaaji akiyaweka na kuuma, kuta za kofia zinabanana na kuta za nguzo. Akitaka kuyaosha anayavuta mwenyewe, na yakishaachia yameachia.

Nimekaa kwenye meza ya fundi wa meno muda wa kutosha kujua kwamba malalamiko ya meno haya ni machache na yanajirudia. Kinachonikera ni tiba ya haraka. Mvaaji akisema "yamelegea", jibu linalomtoka mtu kinywani ni "tuyakaze". Koni haina mahali pa kukazwa. Haina kipete cha mpira cha kubadilisha kama vishikizo vya kitufe, wala ulimi wa waya wa kukunja kwa koleo. Koni inashika ikifika mahali pake, isipofika haishiki. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa: kofia inafika? Mara nyingi haifiki, na wa kulaumiwa si koni.

Kabla ya kugusa chochote, hesabu kidogo

Kinachoamua ni pembe, yaani ukuta wa koni umeinama nyuzi ngapi kutoka kwenye mhimili wake. K. H. Körber wa Ujerumani, aliyefafanua koni hizi kwa ajili ya meno ya asili mwaka 1968, alitumia nyuzi 6 hivi. Nguzo za vipandikizi zinazotoka kiwandani tayari nyingi huwa karibu na nyuzi 5. Tofauti ya uzi mmoja inaonekana ya kitoto mpaka uipigie hesabu. Chukulia mvaaji ameuma na nguzo moja imepokea kani ya nyutoni 30, na mgawo wa msuguano kati ya kuta mbili za metali zenye mate ni 0.15. Koni ya nyuzi 4 itahitaji nyutoni 11 hivi kuivua. Ya nyuzi 5 itahitaji 8. Ya nyuzi 6 itahitaji 5. Ukifika nyuzi 8 na nusu hakuna kinachobaki: kofia inakaa tu, na ulimi unatosha kuiondoa. Shabaha ya kawaida ni kati ya nyutoni 5 na 10 kwa kila nguzo. Nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja.

Hapo shika mambo mawili. Kwanza, kani ya kuvua ni sehemu ya kani iliyotumika kukandamiza. Aliyeuma kidogo, anavua kwa urahisi. Pili, kwenye koni ya nyuzi 5, uchafu wenye unene wa mikroni 9 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ukizunguka ukuta unainua kofia kwa milimita 0.1. Unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Tabaka la unene huo likikaa ukutani, kofia inabaki karibu milimita 0.8 juu ya mahali pake, na mvaaji atakwambia meno "yamekuwa marefu".

"Jana yalishika, leo yanaruka nikipiga chafya"

Kulegea kwa ghafla na kulegea kwa miezi ni magonjwa mawili tofauti, usiyachanganye. Koni haichakai kwa usiku mmoja. Kulegea kukitokea kwa usiku mmoja, tafuta kitu kilichoingia au kitu kilichosogea.

Mama mmoja aliniletea meno yake ya chini ameyafunga kwenye leso. "Fundi, wiki mbili yalikaa kama yamepigiliwa misumari. Tangu juzi nikicheka yananyanyuka." Nikayageuza chini ya taa. Kofia ya kulia iling'aa mpaka ndani. Ya kushoto ilikuwa na weupe hafifu kwenye kona, pale ukuta unapokutana na kilele. Niliuchokoa kwa kijiti cha mbao na ukatoka mzima kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ilikuwa gundi ya meno ya bandia. Upande wa kushoto ulikuwa umemlegelegea kidogo, akashauriwa apake gundi, akapaka mpaka ndani ya kofia. Dawa ya kushikisha ndiyo iliyozuia kushika. Nilisafisha, akavaa, akauma pamba, akacheka kwa nguvu mbele yangu kujaribu.

Kwa hiyo safisha kwanza. Ndani ya kofia tumia brashi ndogo laini na maji yenye sabuni ya maji, si dawa ya meno. Dawa nyingi za meno zina chembe zinazokwaruza, na mkwaruzo kwenye ukuta uliosuguliwa mpaka ukang'aa ni uharibifu wa kudumu. Kwenye nguzo, pita brashi kuzunguka shingo, pale inapozama kwenye ufizi. Ukoga ukiachwa hapo unagandamana kuwa ugaga mgumu, na ugaga haupishi kofia. Huo hautoki kwa brashi ya nyumbani. Usiukwangue kwa pini wala kisu: wa kuutoa ni daktari, kwa zana isiyochubua titani.

Ukishasafisha na bado yanaruka, gusa nguzo moja moja kwa ncha ya kidole. Nguzo inayosogea au kuzunguka ina skrubu iliyolegea, na hiyo ina sehemu yake hapa chini. Kisha chunguza meno yenyewe kwenye mwanga wa pembeni. Ufa mwembamba unaopita kwenye kofia unaruhusu meno yapinde kidogo mtu anapouma, na koni mbili zilizokuwa zikielekea njia moja sasa zinaelekea njia mbili.

Na kama ghafla hiyo ilianza siku aliyotoka kliniki? Ruka hadi kwenye kugoma kufika mwisho; jibu liko huko.

"Yamekuwa yakilegea polepole tangu mwaka jana"

Hapa ndipo watu hukimbilia kusema koni imechakaa. Inawezekana, lakini angalia jinsi koni inavyochakaa. Ukuta ukipungua mikroni chache, kofia inashuka kidogo zaidi na kubana tena. Inajirekebisha yenyewe. Ndiyo sababu fundi huacha nafasi kati ya kilele cha nguzo na dari ya kofia: ni akiba ya kushukia. Akiba ikiisha, dari inagonga kilele, ukuta hausukumwi tena, na ushikaji unapotea wote, ingawa mvaaji anauma kwa nguvu ileile.

Hili unalipima. Kausha nguzo na kofia. Paka ndani ya kofia safu nyembamba sana ya rangi ya kuonyesha mguso, vaa, mvaaji aume mara moja, vua. Unachotaka kuona ni mduara wa rangi iliyofutika kuzunguka ukuta. Ukiona doa kwenye dari na ukuta haujaguswa, koni imegonga chini. Ukiona mwezi mchanga upande mmoja, kofia inakaa imeinama. Mtihani huu ni wa dakika tano, na umeniokoa kutengeneza meno mapya yasiyohitajika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Dari ikigonga, usimpe mtu msasa akwangue kilele cha nguzo mdomoni. Kofia hubadilishwa, au nguzo, au vyote viwili. Kwenye kofia za dhahabu zilizotengenezwa kwa umeme, zile nyembamba za milimita 0.2 hadi 0.3, hakuna nyama ya kutosha ya kurekebisha, unatengeneza nyingine.

Ila sababu ninayoikuta zaidi si koni. Ni ufizi. Mfupa uliopoteza meno yake huendelea kupungua miaka na miaka, hasa nyuma ambako hakuna kipandikizi. Meno yaliyokuwa yakikaa kwenye nguzo na kwenye ufizi kwa pamoja sasa yana hewa chini yake upande wa nyuma. Kila mara mvaaji anapotafuna, nyuma inazama na mbele inanyanyuka. Koni inavutwa kidogo kila tonge, maelfu ya mara, kwa pembe isiyo yake. Ukibadilisha kofia na kuacha ufizi, utarudi palepale baada ya muda mfupi. Dawa ni kujazia akriliki, ile plastiki ya meno ya bandia, upande unaokalia ufizi, ndipo uzihukumu kofia.

"Asubuhi mepesi, baada ya kula yanabana"

Hakuna ugonjwa. Asubuhi umeyaweka kwa vidole, baada ya chakula umeyakandamiza kwa misuli ya taya. Ukiyavaa, uma kitambaa laini au pamba mara mbili tatu pande zote mbili, basi.

"Hayafiki mwisho"

Hili ndilo tatizo lenye mizizi mingi. Meno yanakaa juu upande mmoja, au yanakaa ukiyakandamiza na kunyanyuka ukiachia kama kuna springi. Nayatenganisha kwa kuuliza: yaliwahi kufika?

Kama yaliwahi, na yalikoma baada ya nguzo kufunguliwa na kurudishwa, shuku mpangilio. Kipandikizi kikipandwa kimeinama, huwekewa nguzo iliyopinda ili koni zote zielekee njia moja. Nguzo hiyo haikai popote: ndani ya kipandikizi kuna umbo, mara nyingi la pembe sita, linaloiruhusu kuingia kwa namna sita. Moja kati ya hizo ndiyo sahihi. Tano zilizobaki zinaielekeza koni kwingine, ingawa skrubu itaingia vizuri na picha ya eksirei itaonekana safi. Vilevile nguzo ya kulia ikirudishwa kushoto. Ndiyo maana fundi hutengeneza kigezo cha akriliki kinachozishika nguzo zote zikiwa mahali pake. Mzee mmoja alizungushwa kliniki tatu na meno yasiyokaa, kila mahali yakisagwa kidogo kwa ndani "ili yapate nafasi". Kigezo chake kilikuwa ndani ya boksi la mfano wa taya, hakuna aliyelifungua. Kilipowekwa mdomoni, nguzo moja iligoma kukiingia. Ikazungushwa nafasi moja, kikakaa. Meno nayo yangekaa, kama yasingekuwa yamesagwa.

Koni husamehe kidogo kwenye mwelekeo. Nguzo ya nyuzi 5 ikiinama nyuzi 3 kutoka kwenye njia ya kuvalia, kofia bado itapita. Ikizidi nyuzi 5, upande mmoja wa ukuta unageuka pango, yaani unainamia ndani, na hakuna kofia ngumu inayoingia pangoni bila kulazimishwa. Hapo kusaga ndani ya kofia ni kujidanganya. Badilisha nguzo iwe ya pembe inayofaa.

Kama meno hayakuwahi kufika tangu siku ya kwanza, angalia siku kofia zilipogandishwa. Kawaida kofia huwekwa kwenye nguzo mdomoni, meno hutobolewa nafasi, akriliki laini hutiwa, meno huvalishwa na kuachwa yagande. Makosa matatu hutokea hapo.

La kwanza ni nafasi kuwa ndogo, dari ya shimo ikagusa kofia. Meno yanaegemea kofia badala ya ufizi, na kwa jicho huwezi kujua. Kabla ya kutia akriliki, hakikisha meno yanakaa kwenye ufizi yenyewe huku kofia zikiwa juu ya nguzo, bila kugusana popote.

La pili ni kumwambia mvaaji aume kwa nguvu wakati akriliki inaganda. Ufizi ni laini, unabonyea. Akriliki inaganda ufizi ukiwa umebonyezwa, mtu anaachia, ufizi unarudi na kusukuma meno juu, na kofia zinavutwa kutoka kwenye nguzo tangu dakika hiyo. Hii ndiyo ile springi. Meno yashikwe kwa vidole, yakigusana kidogo tu.

La tatu ni kugandisha zote kwa mkupuo na akriliki nyingi. Akriliki ya kawaida ya meno hupungua ujazo kwa karibu asilimia 7 inapoganda. Bonge kubwa linajivuta na kuzivuta kofia nalo. Tumia kidogo, ya kushika tu. Masalio ya nafasi jaza baadaye, meno yakiwa mezani.

Kofia ikiwa imegandia vibaya, itolewe na kugandishwa upya. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kusaga huku na kule wasikubali hilo, kazi ambayo ni ya saa moja.

"Hayatoki"

Kwanza tulia. Mengi ya kesi hizi ni mtu aliyelala nayo na husaga meno usingizini, kwa hiyo koni imekandamizwa usiku kucha. Usivute kwa mbele kwa kidole kimoja. Unaziinamisha koni na kuzidisha kubanana. Weka vidole gumba viwili chini ya kingo za meno, kimoja kulia, kimoja kushoto, karibu na zilipo nguzo. Sukuma kufuata mhimili wa nguzo, kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, bila kupindisha. Mikono ikiteleza, shika kwa kitambaa kikavu. Unasubiri ule mlio mdogo wa kuachia. Usitumie bisibisi, kijiko wala uzi wa kuvutia. Nguzo utaikwaruza au akriliki utaivunja.

Mvaaji ambaye vidole vyake havina nguvu tena, kwa uzee au maradhi ya viungo, hastahili kugombana na meno yake kila usiku. Hapo upunguze ushikaji: kofia moja au mbili kati ya nne zinaweza kufanywa za kuegemea tu, zisibane. Ni uamuzi ninaoupendelea kuliko kumfundisha mtu wa miaka themanini mbinu mpya za vidole.

Kuna kutotoka kwa aina nyingine, na huko hutokea kwenye kiti cha daktari. Akriliki ya kugandishia imeteremka chini ya kofia, ikazunguka shingo ya nguzo na kuganda huko. Meno yamefungwa kabisa na hakuna kuvuta kutakakoyatoa. Inabidi kutoboa na kukata. Kipande cha mpira mwembamba kilichotobolewa na kuvalishwa shingoni mwa nguzo kabla ya kazi kinazuia balaa lote hili. Kinasahaulika kwa sababu ni kitu kidogo mno.

"Yanatoka, lakini yanakwaruza njia nzima"

Koni nzima haikwaruzi. Inaachia na kuwa huru. Kama inasugua tangu mwanzo hadi mwisho, kuna kitu kingine kinachoshika: kingo za akriliki zinazoingia kwenye pango la ufizi, ukingo mwembamba wa akriliki ulioachwa mdomoni mwa kofia, au kuta za aina ya zamani zilizo wima ambazo kweli husugua njia nzima na si koni kabisa. Muulize aliyeyatengeneza ni aina gani. Ukingo wa akriliki unauhisi kwa ncha ya ukucha. Sawazisha ukingo huo peke yake, ukuta wa kofia usiuguse.

"Yanabembea"

Vipandikizi viwili mbele ya taya ya chini ni mpangilio wa kawaida sana. Mkutano wa wataalamu wa chuo kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 uliutaja kuwa chaguo la kwanza kwa taya ya chini isiyo na meno. Lakini viwili ni mstari, na mstari ni bawaba. Mbembeo mdogo wa nyuma upo tu, na koni ngumu hazipendi bawaba. Vinne vilivyotawanyika vinafanya meza yenye miguu minne. Kwa hiyo ukiona mbembeo kwenye vipandikizi viwili, rudi kwenye ufizi wa nyuma na ujazie. Ukiuona kwenye vinne, kuna kofia isiyofika au nguzo iliyolegea: bonyeza meno juu ya nguzo moja na uangalie upande wa pili, mguu mfupi utajitaja.

"Nguzo imetoka na meno", au inazunguka

Mdomo huu una koni mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu, ya kofia na nguzo, imetengenezwa kuachia. Ya chini, mahali nguzo inapozama kwenye kipandikizi, mara nyingi nayo ni koni, yenye skrubu katikati, na haitakiwi kuachia kabisa. Ni ndugu wa koni za mashine alizozibuni Stephen Morse huko Marekani mwaka 1864 kushikia keekee. Meno yakitoka na nguzo ndani ya kofia, maana yake ya juu imeshinda ya chini, na hilo haliwezekani kama skrubu imekazwa sawasawa.

Usiirudishe mwenyewe kwa kuuma. Ikiingia imepinda, utaharibu mdomo wa kipandikizi, na hicho hakibadilishwi kwa skrubu mpya. Nenda na meno na nguzo kama vilivyo. Daktari atasafisha, ataweka skrubu mpya kama ile imechoka, na kuikaza kwa spana inayopima nguvu, si kwa hisia za mkono. Kila mtengenezaji ana kipimo chake, vingi vikiwa kati ya nyutoni-sentimita 15 na 35. Baada ya dakika 10 hivi inakazwa tena kwa kipimo kilekile, kwa sababu nyuso za metali hujilaza na mkazo wa kwanza hupungua. Skrubu inayolegea mara ya pili na ya tatu inasema meno hayakutani sawasawa, au kuna kofia moja inayobeba mzigo wa wenzake.

Tofautisha hilo na kipandikizi chenyewe kusogea. Jino la asili lina utando kuzunguka mzizi na huyumba kidogo. Kipandikizi kilichoshikwa na mfupa hakiyumbi hata kidogo. Kikiyumba, kikauma ukikibonyeza, au ufizi ukitoa usaha, acha kuvaa meno na umwone daktari mapema iwezekanavyo. Hapo koni haihusiki tena.

Ufizi unauma bila kulegea

Kidonda sehemu moja ni ukingo uliozidi; upunguzwe hapo tu. Ufizi mwekundu kuzunguka nguzo moja unaotoka damu ukipigwa brashi ni ukoga. Wekundu mpana chini ya meno yote ni wa wanaolala nayo: yavue usiku, yaweke kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto hupinda akriliki, na dawa ya kufulia yenye klorini hula metali ya kofia na fremu.

Yamevunjika palepale pa mwaka jana

Akriliki juu ya kofia ndiyo nyembamba kuliko zote, na ndipo mzigo unaposhuka. Kiunzi cha kobalti-kromi ndani yake ndicho jibu. Kuunga tena bila kiunzi ni kupanga tarehe ya ufa unaofuata.

"Kuna metali imebaki mdomoni"

Kofia imebanduka kutoka kwenye meno na kubaki imebana juu ya nguzo. Wengi huchukua koleo. Kofia ikikunjwa na koleo hata kwa kitu usichokiona kwa macho imekufa, na nguzo chini yake imepata kovu. Kama imebana na haikati ulimi, iache ilipo. Ipo mahali sahihi kabisa, na daktari anaweza kuigandisha tena humohumo bila kuanza upya. Kama imeanguka, ioshe, iweke kwenye kichupa, andika upande iliyotoka. Usiirudishe kwenye meno kwa gundi ya papo hapo. Safu ya gundi hiyo ikivuja ukutani haitoki, na ikikaa nyuma ya kofia inaisogeza pembeni. Ukivaa meno kwa muda bila kofia hiyo, tafuna upande mwingine vyakula laini, na usikae nayo hivyo zaidi ya siku chache, maana kofia zilizobaki zinabeba mzigo wake kwa pembe mbaya.

Ukienda, beba meno, kofia, kigezo cha nguzo kama ulipewa, na kadi yenye aina na saizi ya vipandikizi vyako. Bila kadi hiyo fundi atakisia umbo la skrubu kwa kuchungulia shimo la milimita mbili.